Daftari la Bibi Sechelela

Tulipoanua tanga, shangazi Damari akafungua sanduku:
kanga tatu ambazo hazijawahi kuonja maji,
jino la mtoto, hakuna aliyejua la nani,
na daftari la jalada jekundu
limefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.

Hakujua kusoma. Gulwe nzima ililijua hilo.
Alizaliwa mwaka ambao njaa ilipewa jina,
na karani wa sensa alipomuuliza umri
alimjibu, "Andika unaoutaka, mimi nitaishi wangu."

Ndani hamna hata herufi moja.
Kuna kuku aliyechorwa kwa mkaa,
kofia, mguu mmoja, jembe lisilo na mpini,
na mbele ya kila mchoro vijiti, vijiti,
vingine vimekatwa, vingine vimesimama
kama uwele uliokosa mvua ya Februari.

Miaka hamsini aliuza mayai ya kuchemsha
kwa abiria wa treni ya usiku.
Reli ikianza kunong'ona chini ya kisigino chake
mayai yalikuwa yameshapangwa kwenye beseni,
na chumvi ya Bahi kwenye vikaratasi
vilivyosokotwa kama masikio ya panya.
"Pesa kwanza, mwanangu. Gari halina adabu."
Gari liliondoka na pesa zake mara nyingi,
mara mbili na beseni,
mara moja, mwaka wa tatu wa ndoa, na mume.
Hakumtaja tena. Ila kila lilipoingia
alitazama behewa la tatu kabla ya kuanza kuuza.

Watoto watano wa tumbo, wanne wa mlangoni:
ndivyo alivyotuhesabu.
Sisi wa mlangoni tulilala katikati, penye joto.
Mlenda ulikuwa mmoja, chungu kimoja,
na aliyelalamika alipewa kijiko kikubwa zaidi
ili aone aibu.

Akiwa na themanini na ushei
alibana ngoma ya muheme katikati ya mapaja, Jumapili ya mavuno,
akaipiga hadi mchungaji akapoteza ukurasa wa mahubiri.
Baadaye goti lilimuuma wiki nzima.
Alisema halikuwa goti, ni viatu.

Habari za daftari zikatoka, sijui kwa mdomo wa nani.
Mzee Chidawali akaja, kofia mkononi:
"Hiyo ni mimi. Kinyasungwe ulipong'oa reli
tulikuwa mafundi thelathini, hatuna mshahara,
akatulisha mwezi mzima."
Mwanamke wa Msagali akafika na mbuzi jike:
"Jembe ni marehemu mume wangu. Hesabu mtaijua wenyewe."
Hatukuijua.
Kijiti kimoja ni yai? Ni shilingi? Ni siku ya palizi?
Mjomba Lameki alijaribu kupiga hesabu kwenye simu,
akaizima, akaenda kumfunga mbuzi.
Yule wa mguu hajaja bado.
Ana vijiti kurasa mbili, na hakuna kilichokatwa.

Usiku, wengine wakiwa wamelala,
nilisogeza kibatari nikafika ukurasa wa mwisho.
Tenga. Tenga la nyanya, na ndani yake kichwa kidogo.
Nilijua. Mwaka wa mafuriko, benchi la kituo,
hadithi hiyo nimeisikia tangu sijajua maana yake.
Mbele ya tenga hapana kijiti.
Nikageuza karatasi. Nikatafuta nyuma yake,
nikatafuta ndani ya jalada,
nikapitisha kidole, pengine ulifutika mkaa.
Hapana.

Saa nane gari likapita. Siku hizi halisimami,
linapiga honi tu kwa mazoea.
Shangazi Damari alikuwa ameshaketi kitandani,
macho yamefumba,
mkono unapapasa sakafuni ukitafuta beseni.