Kiinimacho, Ruwi

Picha imo ndani ya bahasha ya hospitali ya macho,
kati ya kadi ya miadi na risiti ya dawa ya matone.
Nyeusi na nyeupe, kona moja imetafunwa na mende.
Nyuma, kwa kalamu ya risasi: *Ruwi, sabini na tatu*,
na jina ambalo vidole vya watu vimeshalifuta.

Mwanamume amevaa koti la suti juu ya kanzu.
Meza yake ni kreti la soda lililopinduliwa.
Mkono wa kulia uko juu, yai kwenye ncha za vidole;
nyuma yake milima, mikavu
kama mkate uliosahauliwa tanurini.
Watoto kumi na mmoja. Nimewahesabu mara mbili.
Kumi vinywa wazi,
kofia ya mmoja inaanguka, naye hana habari.
Wa kumi na moja, msichana, halitazami yai.
Anautazama mkono wa kushoto,
ule uliozama mfukoni.

Nikasema: Shangazi, huyu ndiye aliyeigundua siri.
Huyu angefaa kuwa kadhi.
Nikaendelea, unajua tena sisi tuliosoma,
nikawataja waliotoka Unguja na sanduku moja,
waliojifunza mapema kuuangalia mkono usioonyeshwa.

Shangazi Thuwaiba akacheka hadi mtandio ukamdondoka.
"Siri gani? Mfukoni mlikuwa na mkate.
Niliuona unachungulia. Nilikuwa na njaa."

Kisha akanipa lile ambalo kamera haikulipata:
wenzake walipotawanyika alimwendea, akamwomba yai
kwa Kiswahili, maana Kiarabu kilikuwa bado
hakijamkaa mdomoni.
Yule bwana akashtuka, akatazama huku na huku,
akachuchumaa,
akamjibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo, kilekile cha mama yake:
"Chukua, mwanangu."
Lilikuwa jepesi kama karatasi,
tundu la sindano juu, tundu la sindano chini.
"Kiini nimekula mwenyewe asubuhi.
Macho mmeleta nyinyi."

Na mkate?
"Alinimegea. Kipande kikubwa kikawa changu,
au chake, sikumbuki."

Jumatano watamtoa mtoto wa jicho, la kulia kwanza.
Anaisogeza picha karibu na pua, anaipeleka mbali,
ananiuliza kama yule mtoto bado anatazama mfukoni.
Bado, Shangazi.
"Mwache," anasema. "Hajashiba."