Mluzi Ndani ya S

Nilipewa wiki tatu na karatasi mbili:
mke wa mwuza kahawa, Napoli, mwaka wa njaa,
mistari kumi na tisa, na pembeni kwa wino mwekundu:
"Lafudhi iwe ya kweli. Waigaji wasije."

Mimi ni wa Bergamo, kule kaskazini milimani,
ambako mtu husema kama anayepasua kuni:
neno, pumzi, neno, basi.
Chuoni walinitia kizibo cha chupa kati ya meno
miezi minne, hadi ulimi ukatakata,
ukawa hauna kwao.
Sauti ya kutangaza kwamba treni imechelewa.

Basi nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu
kwa Bi Nunziata Capuozzo,
aliyekuja Torino miaka hamsini iliyopita
na mume wa kiwandani na sanduku la kufunga kwa kamba,
wala hakusahau hata silabi moja stesheni.
Hupiga pasi mashuka ya hoteli. Akasema:
"Keti. Usiandike. Kalamu haina masikio."

Akanifundisha kumeza.
Irabu ya mwisho usiitupe, wala usiitamke,
ifunge kama unavyofunga mlango
mtoto akiwa amelala.
Mimi nilikuwa naubamiza.
"Umeamsha jengo zima! Rudia."
Akanionyesha kwamba swali huanzia mabegani,
kwamba kukataa ni kidevu kupanda na ulimi kugonga mara moja,
kwamba hasira haina kelele, ina urefu:
unalivuta jina la mtu
kama uzi wa jibini ya moto.

Nilimrekodi. Nililala naye masikioni.
Ndani ya tramu nilinong'ona hadi mama mmoja akahama kiti.
Kazini, nikimfungia mteja mikate,
akaniuliza kwetu Napoli ni mtaa gani.
Nikamwongezea andazi.

Roma. Chumba cha chini ya ardhi, viti vya plastiki,
wanawake tisa tumejifunga shali nyeusi
kana kwamba Napoli nzima imefiwa siku moja.
Nikasema yote kumi na tisa. Nikameza pa kumeza.
Kila mlango niliufunga polepole.

Mezani, bwana Iovine alikuwa amefumba macho.
Akayafumbua.
"Irabu, safi. Kidevu, safi; kidevu hicho ni cha shangazi yangu.
Lakini hiyo S.
Nimezaliwa Napoli, nimeoa Napoli,
nimefukuzwa nyumba Napoli mara mbili,
sijapata kusikia S yenye mluzi.
Ni ya mtaa gani?"

Nikasimama na shali yangu.
Nikamwona Bi Nunziata akigeuza shuka,
akisukuma kwa kidole gumba, kila sentensi ya tatu,
meno ya juu yasiyomkaa sawasawa
tangu mwanawe alipomtafutia ya bei nafuu.
Usiku kumi na saba nilikuwa nimeufanyia mazoezi mluzi ule.
Katika yote, ndio niliokuwa nimeupenda.

"Ni ya ghorofa ya tatu," nikajibu,
na jibu likatoka kwa lafudhi ya kwetu, bila kukusudia,
kavu, limepasuka katikati.
Akaandika kitu. Sijui nini.
Simu bado haijalia.

Nilirudi nikamweleza. Nilidhani ataona haya.
Alicheka hadi akashika ubao,
pasi ikaacha alama ya kahawia
kwenye shuka la hoteli ya nyota nne.
Kisha akageukia dirisha, akayatoa meno,
akayalaza kwenye kisahani cha kahawa.
Mashavu yakabonyea. S zote zikayeyuka.

"Yale ni ya Torino," akasema,
akiyaonyesha kwa kidevu.
"Haya. Tuanze upya."