Mlango wa Kizimba

Kazi yangu ni mlango.
Miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi ya baridi,
katika ukumbi wa barafu wa Dunmare, Saskatchewan,
mimi Halyna Wasylenko humfungulia aliyeadhibiwa,
hufunga, huhesabu dakika, hufungua tena.
Blanketi magotini, chupa ya chai miguuni.
Vijana huniita Shangazi Komeo.

Msimu huu zimekuja kanuni mpya,
karatasi mbili kando ya mashine ya kahawa:
Agongaye kichwa atoke, hata kama hakukusudia.
Aliyegongwa atoke pia. Asirudi siku hiyo,
hata akisema mzima,
hata akiapa.

Ukumbi ukachemka juu ya barafu ile ile.
Garnet Pruden akasema mchezo umekwisha,
sasa tunalea mabinti.
(Binti yake mwenyewe, golikipa,
alikuwa akifunga kamba za viatu vya makali.
Hakuinua uso.)
Kocha akasema: ajali haina kinga.
Ndiyo, Kocha. Lakini kiwiko si ajali.
Kiwiko kina mwenyewe.

Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu
waliliona guu.
Guu hupigwa plasta, marafiki huandika majina juu yake,
wiki sita, mtu yuko dansini.
Kichwa kikivunjika kwa ndani
utaandika wapi jina?

Msimu wangu wa kwanza mlangoni
kaka yangu Orest aliingia kizimbani akicheka,
helmeti kwapani.
Tuko ngapi? akauliza.
Mbili kwa tatu.
Akavuta kamba ya kiatu. Tuko ngapi?
Mbili kwa tatu, Orest.
Akazikodolea taa. Halya, tuko ngapi?
Nami niliitazama saa, sikuyatazama macho yake.
Dakika zake zikaisha.
Nikamfungulia.

Mlango huo naufungua mpaka leo.

Orest anakaa nyuma ya posta, mapazia mazito,
kabati zimebandikwa vikaratasi:
vikombe, chumvi, dawa za asubuhi.
Usiku hunipigia simu kuuliza matokeo,
nami humwambia tumeshinda.
Humwambia hivyo kila mara. Hainigharimu kitu.

Sheria ni msumeno. Jumamosi iliyopita
ulikata upande wetu.
Colby Natomagan, miaka kumi na sita, mfungaji wetu,
alipigwa bega la taya karibu na ubao.
Refa akamtoa aliyempiga. Watu wakashangilia.
Colby akainuka, akateleza taratibu,
akaja kwangu.
Hakuwa na kosa lolote.
Akafungua mwenyewe, akaketi pale alipoketi Orest,
akapangusa theluji gotini kwa uangalifu mkubwa,
kama mtu anayepangusa meza ya mgeni.
Shangazi, akasema, tuko ngapi?

Nikashika komeo.
Kocha akapunga mkono: mwachie!
Baba Pruden akapiga kioo kwa kofi: mwachie, mama!
Zilikuwa zimebaki dakika sita, tuko sare,
na mji mzima ulikuwa nyuma ya kioo kile.
Mimi ni mtu wa mji huu. Nanunua mkate kwao.
Nikakaza komeo kwa mikono miwili,
nikamwita refa,
na safari hii nikayatazama macho.
Moja lilikuwa kubwa kuliko lenzake.

Tulifungwa.
Jumatatu, dukani, watu wawili hawakuniamkia.

Usiku ule ule simu ililia.
Halya, matokeo?
Nne kwa tatu, Orest. Tumefungwa.
Akanyamaza kitambo; nilisikia friji yake ikinguruma.
Sijawahi kumwambia hivyo.
Kuna aliyeumia?
Mtoto mmoja. Yuko kwao, taa zimezimwa, mama yake kando yake.
Hakurudi uwanjani?
Hakurudi.
Vizuri, akasema. Vizuri sana.
Kisha, kwa sauti ile ile ya kizimbani,
nusu anacheka:
Tuko ngapi?