Futi Kamba

Mihayo alikwenda kutazama injini.
Mimi nilikwenda na futi kamba shingoni,
ile ile iliyopima sare za nusu ya Isevya,
namba zake za mwanzo zimelika kwa vidole,
nne na tano nazijua kwa kukisia.

Yadi ya magari, njia ya Kiloleni, saa nne asubuhi.
Kijana muuzaji akafunua boneti:
"Hii haijafunguliwa hata nati, mama."
Nikamwambia, funika mwanangu,
humo hapandi mtu.

Nikaanza na Raum.
Mlango unateleza kama mtoto wa meza aliyepakwa mafuta,
kizingiti kiko chini: mama mkwe Nyamizi
ataingiza makalio kwanza, kisha mguu, kisha mguu,
bila kushikwa kwapa,
maana kushikwa kwapa kunamuuma kuliko nyonga yenyewe.
Lakini nyuma wanakaa watatu kwa kuhesabiwa,
wawili kwa kupumua,
na sisi ni saba.

Noah, hiyo ni sebule.
Unainuka nusu, unageuka, unamfunga Shija nepi
na kiwiko hakigusi kioo.
Viti vya mahameli, rangi ya majivu ya mkaa,
nikabonyeza sponji kwa ngumi: ikarudi taratibu,
kama mtu aliyelala vizuri.
Dari iko juu. Bei nayo.
Mihayo akakohoa kile kikohozi chake
cha kuhesabu madumu ya asali.

Tukaja kwenye Wish.
Safu tatu, ndiyo, lakini ile ya tatu!
Niliingia kwa magoti kama naingia banda la kuku.
Toka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti
sentimeta hamsini.
Paja la Maganga ni hamsini na sita,
nalijua, suruali zake nazishusha pindo kila muhula.

Na kote nilikaa katikati.
Hakuna muuzaji anayesifia kiti cha katikati.
Ndicho kilichonilea: pikapu ya baba, Sikonge hadi mjini,
baba huku, shangazi huku,
gia ikinigonga goti la kulia kila kilima.
Katikati hakuna dirisha.
Katikati unaambiwa shika hiki, jibane,
na jua la kila upande linakufikia wewe,
upepo hapana.

"Wa kati huwa mtoto, mama," kijana akasema.
"Mtoto gani?"
Akacheka, akatazama tairi.
Kwetu anaitwa Doto.
Kulwa alimtangulia kwa robo saa
na tangu hapo dirisha ni lake.

Tulichukua Wish. Pesa ndiyo iliyopima mwisho.

Gauni likibana nalifumua ubavuni,
naacha inchi mbili, linapumua.
Gari likibana utamfumua nani?
Usiku ule nikashona mto:
sponji ya godoro kuukuu, mabaki ya kitenge,
mnene nyuma, mwembamba mbele,
nundu ya sakafu nikaifunika kwa zulia
ili visigino vya Doto visining'inie.
Sasa amemzidi Kulwa kimo, akikaa.
Kulwa hajalisamehe hilo.

Jumapili tukaenda Urambo kuhani msiba.
Mama Nyamizi mbele, kiti kimelazwa kidogo,
alisinzia kabla hatujamaliza lami ya mjini.
Shija mapajani mwangu, na nyuma kabisa
Maganga, ndoo ya unga, na magoti yake.

Goti moja liko mgongoni mwangu, nalisikia hadi sasa.
Mwezi wa tano lilikuwa kiunoni.
Leo limepanda, liko chini ya mbavu,
na futi kamba imebaki nyumbani, msumarini.
Mwakani anakwenda bweni.
Nafasi itapatikana, safu nzima.
Nikanyoosha mkono chini, nikashika wenzo,
nikasogeza kiti changu mbele, tundu moja.

Akasema, "Asante, mama,"
kisha akazijaza zile sentimeta mbili zote.