Makombo ya Ukuta

Saa kumi na mbili asubuhi, Katonga.
Nimekunja suruali hadi magotini,
nakwangua jiwe kwa kisu cha siagi.
Watoto wanaoanika dagaa wananicheka:
"Fundi, leo unamnyoa nani?"
Wao huuita ndevu za mawe
huu mwani wa ziwa, wa kijani, wenye utelezi,
uliomwangusha Bahinyuza juzi na ndoo yake,
goti likachanika, mfupa ukachungulia.

Mimi si mtaalamu. Ni mwosha chupa.
Naandika namba kwenye vibandiko,
nasubiri umeme urudi,
na umeme ukichelewa nasoma makaratasi
ambayo wenye kazi ya kuyasoma
wameyaacha mezani chini ya vikombe vya chai.

Humo ndimo nilimolikuta hili, nikalirudia mara tatu:
mwani wa baharini hauna jicho, hauna pua,
hauna hata moyo wa kudunda kwa hofu,
lakini hujua unapoliwa.
Bakteria huja, wadogo kuliko nukta,
huutafuna ukuta wake, huuyeyusha uwe sukari,
na makombo ya ukuta huelea majini.
Mwani huyaonja makombo hayo.
Haumtambui mwizi.
Unautambua udongo wake mwenyewe ukidondoka.

Nikamkumbuka shangazi Ntunzwe, Ujiji,
nyumba ya matope nyuma ya soko,
aliyelala miaka yote kichwa kimegusa ukuta.
Hakuwa na mbwa. Hakuwa na kufuli la maana.
Usiku ule hakusikia kishindo:
punje tatu za udongo zilimwangukia shavuni,
kavu, zina harufu ya nyumba yake.
Akanyamaza.
Akaipua sufuria ya maharage yaliyolala motoni,
akangoja tundu lifikie upana wa mkono.

Mwani nao una sufuria yake.
Dakika chache tu, humwaga maji makali,
yale yale, naapa, ya chupa ya kahawia
ya Sista Mwamini pale zahanati,
yaliyochemka povu jeupe kwenye goti la Bahinyuza
naye akaiuma kola ya shati, asilie mbele ya mkewe.
Maji hayo humuunguza hata aliyeyamwaga.
Shangazi alikuwa na kovu hapa, kifundoni,
na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwani uliomwangusha, dawa iliyomtibu:
ni ndugu? Sina ushahidi.
Ile ya baharini imepimwa.
Huu wetu wa maji baridi
bado umo kwenye chupa namba kumi na saba.

Kuna na mwingine, mwekundu, wa bahari za mbali, wenye hila.
Bakteria hawavamii wakiwa wachache;
huitana kwanza, huhesabiana gizani:
upo? nipo. upo? nipo.
Mwani huo hupenyeza neno la uongo katikati ya mwito,
na kila mmoja hubaki akidhani yuko peke yake,
akaona haya, akaenda zake.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Mwani hauna nguo.
Na kuna waliojibandika mwilini mwake
ambao ukiwaosha wote, ukauacha safi kabisa,
mwani husahau umbo lake,
huwa rundo la seli lisilojua jani ni nini.
Shangazi vilevile: mijusi ya ukutani
hakuruhusu mtu aiguse.

Umeme umerudi. Friji imekohoa.
Nimetia tone moja kwenye chupa namba kumi na saba,
nimevuta kiti, nimekaa.
Mshale wa kipimo unatetemeka,
unashuka, unapanda kidogo.
Labda ni mwani.
Labda ni lori la mawese linalopita hapo nje.
Naandika: labda.
Nafuta. Naandika namba niliyoiona,
na saa, na jina langu,
kisha nainama tena, sikio karibu na kioo,
kana kwamba kuna punje
itakayoanguka.