Kanda ya Nne

Usiniulize ipi inatisha zaidi.
Niulize ipi naitazama nimejifunika hadi puani,
mimi, bibi wa miaka hamsini na miwili,
ninayepandisha miguu kwenye kochi
ili kilicho chini yake kisinishike kisigino.

Hapa Hancock, Halowini huja na theluji.
Watoto huvaa makoti mazito juu ya mabawa ya popo,
kila mchawi ana skafu aliyofumiwa na nyanya yake.
Nawagawia peremende. Nazima taa ya barazani.
Boga nililolichonga limeanza kuganda,
meno yake yameota barafu.
Nashuka chini, kwenye mashine yangu ya kanda.

Ya kwanza daima ni ile ya picha ya darasa.
Shule ya milimani, wanafunzi kumi na tisa.
Mwalimu anahesabu: ishirini.
Anarudia: ishirini na mmoja.
Hakuna damu, hakuna kelele,
ni kuhesabu tu,
nawe ukihesabu pamoja naye hampatani.
Mara ya kwanza niligeuka
nikatuhesabu sisi tuliokuwa sebuleni.

Ya pili ni mbovu, nakiri.
Zimwi la mpira linatoka ziwani,
zipu inaonekana mgongoni,
na anayeliwa anacheka huku akiliwa.
Lakini lile zimwi, masikini, linajikwaa kwenye jiwe
kisha linaitazama kamera kama linaomba radhi.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha:
tumejuana miaka, tumezeeka wote.

Ya tatu sisimulii.
Ina birika linalopiga mluzi
katika nyumba iliyokatwa gesi.
Tangu hapo sitengenezi chai jua likishatua,
na Waino, mume wangu, aliyekata miti msituni
nusu ya umri wake bila kuogopa dubu,
amejifunza kunywa maziwa baridi.

Ya nne ilikuwa ya kaka yangu Urho.
Alifanya kazi duka la kanda, pale mlimani,
na kwenye kila lebo aliandika kwa kalamu ya bluu
ni mara ngapi alibana pumzi.
Hii: *Pumzi saba. Usitazame peke yako.*

Mtu anapaka rangi ukuta wa nyumba mpya.
Kila asubuhi, alama ya kiganja, mbichi,
na rangi imesukumwa kutoka ndani.
Usiku wa mwisho anachukua nyundo.
Anatoboa. Anaingiza mkono,
kiwiko, hadi begani.
Uso wake unabadilika. Anafungua mdomo

na ni jikoni kwetu, 1987.
Mama ana unga hadi viwikoni.
Urho amejitwika shuka lenye matundu mawili, anaunguruma.
“Toa taka, Urho! Mzimu gani huyu asiyetoa taka?”
Kicheko. Sekunde kumi na moja.
Kisha majina ya waigizaji yanapanda.

Aliisukuma kanda ile, kwa kutoangalia,
ndani ya kamera ya kuazima.
Nilimpiga kwa mto, nikamnunia wiki nzima:
umeniharibia mwisho!
Sasa huu ni mwaka wa tisa yuko makaburini, kando ya ziwa,
naye Mama alimtangulia.

Juzi mjukuu wangu Linnea akainua simu:
“Nikutafutie mwisho wake? Dakika moja tu.”
Nikasema hapana, kwa ukali
uliomfanya arudi nyuma.
Baadaye nikamkorogea kakao
na sikujua nimweleze nini.

Kilichomo ukutani kimekaa miaka yote hiyo
bila kunijua. Na kikae.
Mimi narudisha kanda nyuma kidogo,
si sana, kanda imechoka.
Kiwiko. Bega.
Nabana pumzi.

Huko juu Waino amesahau:
ameteleka birika.