Amerikani

Kabla haijawa nchi, Amerikani kwetu ilikuwa nguo.
Yadi nne dukani kwa Jivraj, mtaa wa Rufiji,
nzito, rangi ya uji usiotiwa maziwa,
inanuka wanga mpaka uifue mara tatu ziwani.
Tuliilalia. Tuliizikia.
Pamba yetu ilishuka bandarini kwa marobota,
ikaenda, sijui kwa nani,
ikarudi imenyooka.

Shangazi Nyanzobe ndiye aliyelishona lile pazia,
vipande vinne, cherehani ya mkono,
Baba akimhimiza: kaza, dada,
gari la sinema limeshapita Misungwi.
Mshono ukakata katikati, ukapinda kidogo
pale alipopiga chafya.

Mwaka ule pamba ilikuwa na bei.
Watu walitoka Igogo, walitoka Nyakato,
wengine na vigoda kichwani,
wakajaa uwanjani kando ya mto Mirongo
kuiona sinema ya kwanza ya watu wa Amerika.
Sisi watoto hatukuwa na senti hamsini.
Tulipanda majabali upande wa nyuma
tukaitazama Amerika kisogoni.

Mashine ikakohoa. Mwanga.
Farasi!
(Neno nililijua. Mnyama, hapana.)
Na mtu juu yake, kofia pana kama ungo;
kila akipita katikati mshono unamkata shingo,
na kila mara shingo inarudi.

Baba alishika kipaza sauti cha bati.
Kiingereza chake kilitosha kununulia sigara,
kwa hiyo yule mpanda farasi alisema Kisukuma,
Kisukuma cha Maswa, cha watu wenye mifugo,
na alikuwa anasaka mitamba yake sita iliyoibwa.
Hapo wanaume wakasimama:
Ng'ombe gani hawa hawana nundu?
Bugomola akapiga kelele kwamba hata bure hawachukui.

Saa tatu hivi visubi wakainuka ziwani,
wingu zima, wakaingia kwenye mwanga.
Amerika ikaanza kudondokewa na vitu vyeusi.
Baba hakusita hata pumzi moja:
"Nyika inaungua! Hayo ni majivu!"
Na wanawake wakawahurumia wenye nyumba.

Ndipo yule mtu akachomoa bastola.
Kwa mkono wa kushoto.

Mwalimu Petronila alikuwa ameufunga wangu
kwa ukanda wa kanga kuukuu, wiki ya tatu sasa,
ili wa kulia ujifunze herufi.
Nililala na fundo lile, nilioga nalo.
Na yule pale, mbele ya mji mzima,
anafyatua kwa shoto, anafunga kamba kwa shoto,
anapokea maji ya mwanamke kwa shoto,
na mwanamke hamwambii hana adabu.

Niliufungua usiku uleule, kwa meno.
Kesho yake nikachapwa. Kesho kutwa pia.
Sikuufunga tena.

Miaka ishirini baadaye, ukumbi wenye paa,
mchumba wangu amelipa, viti vya kukunja,
picha ileile, sasa imejaa mikwaruzo.
Nikasubiri. Akachomoa.
Kwa mkono wa kulia.
Nilicheka hadi watu wa mbele wakageuka.
Kuna nini? akauliza mchumba.
Nikamwambia tumekaa upande mbaya.

Shangazi alipofariki maduka yalikuwa matupu,
foleni ya nguo inaanza alfajiri na kuishia bila nguo.
Baba akalitoa pazia kwenye sanduku la bati:
tundu moja la cheche ya mashine,
na visubi kadhaa waliokaukia humo,
wadogo, kama herufi za mtoto.
Tulikung'uta nje. Hawakutoka wote.
Baba akauliza kama tuufumue ule mshono.
Hakuna aliyejibu; tukauacha na chafya yake.

Na walipotafuta mtu wa kufunga miguuni
nilinyoosha mkono nilioachiwa na yule mpanda farasi,
nikakaza fundo.